Mtetemo unaojificha wakati mota inapanda mwendo

Mota iliyotusumbua ilikuwa na tabia moja: ikishafika mwendo wake wa kazi, inatulia. Ukipima mtetemo wake wakati huo, kwa milimita kwa sekunde, unakaa vizuri ndani ya mipaka ya mfululizo wa viwango vya ISO 20816, ule uliochukua nafasi ya ISO 10816. Ripoti zikawa zinaandikwa kwamba mashine ni nzima, na kwa mwendo ule ripoti zilikuwa sahihi. Shida ilikuwa njiani. Kila konveya inayoendeshwa na mota hiyo ilipopandishwa mwendo, ilifika mahali fremu nzima ikatikisika kwa muda mfupi, bolti zikalia, vifuniko vikagongana, halafu kimya. Ikishushwa mwendo, mahali ni pale pale.

Upimaji wa mtetemo tuliozoea ulikua pamoja na mashine zinazozunguka kwa mwendo mmoja siku nzima. Mota inayoendeshwa na inveta, kifaa kinachobadilisha masafa ya umeme ili kubadilisha mwendo wa mota, haina mwendo mmoja. Inapanda, inashuka, inangoja, inapanda tena. Hapo haitoshi kujua ni masafa gani (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, Hz) yamo ndani ya mtetemo. Lazima ujue pia yalikuwepo lini, na mota ilikuwa kwenye mwendo gani yalipotokea. Huo ndio uchambuzi wa wakati na masafa kwa pamoja. Mimi niliingia humo kwa kulazimika, na naandika ili atakayekabidhiwa mashine ya namna hii asizunguke kama tulivyozunguka.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa kawaida: mota ya induksheni ya ncha nne za sumaku, 50 Hz, mizunguko 1470 kwa dakika ikiwa na mzigo kamili; kaplingi yenye raba ya meno manne; giaboksi; kisha puli ya konveya. Kabla ya kufikia uchambuzi huu, beringi za mota zilikuwa zimeshabadilishwa, alaimenti imefanywa upya, na raba ya kaplingi imewekwa mpya. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Spektra ya mwendo wa kazi, yaani mchoro wa nguvu ya mtetemo kwa kila masafa, ilionyesha kilele kidogo karibu na mara nne ya mzunguko wa shafti, na kaplingi ya meno manne ni mshukiwa wa kwanza wa jambo hilo. Kilele hicho kilisomwa 98 Hz na mmoja, 100 Hz na mwingine, na hakuna aliyeona kwamba tofauti ile ndogo ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Bei ya vipuri ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Kubwa ilikuwa kusimamisha kazi kila mara, kufungua mashine iliyokuwa haina ubaya pale tulipofungua, na kupungukiwa imani. Waendeshaji walianza kututazama kama watu wanaobahatisha, na sikuwa na jibu la kuwapa. Nilikuwa nalala na mlio ule kichwani.

Mgeuzo wa Fourier unachukua kipande chote cha rekodi na kukueleza masafa yaliyomo, bila kukuambia yalitokea lini. Joseph Fourier aliufikia akishughulika na joto, kwenye kitabu alichochapisha 1822. Algoriti ya haraka inayouendesha kwenye vifaa vya mkononi ilichapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965. Hesabu hiyo haina ubaya wowote. Lakini ukiipa rekodi ya mota inayopanda kutoka 0 hadi 50 Hz, nguvu ya mtetemo unaohama inatandazwa juu ya masafa yote uliyopitia. Kitu kilichotikisa fremu nzima kinabaki kilima kipana, kifupi, kisicho na jina. Ukichukua wastani wa rekodi kadhaa, kilima kinazidi kulainika. Spektra za namna hiyo tulikuwa nazo nyingi.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni kukata rekodi vipande vinavyopandana, kila kipande kikapita kwenye dirisha linalofifia pembeni (hesabu inayopunguza kingo zake taratibu), mara nyingi lile la Hann, kikafanyiwa mgeuzo wake, na majibu yakapangwa ubavu kwa ubavu. Inatoka ramani: wakati unakwenda kulia, masafa yanapanda juu, rangi inaonyesha nguvu. Ndiyo spektrogramu.

Ramani ya kwanza niliyoitoa ilikuwa ukungu mtupu chini ya 100 Hz, ambako ndiko kila kitu chetu kilikuwa. Hili linawapata wengi wanaotumia SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, kwa hiyo nalisema wazi: usipochagua urefu wa dirisha, `spectrogram` na `stft` huchukua sampuli 256. Rekodi yetu ilikuwa ya sampuli 25,600 kwa sekunde. Sampuli 256 ni sehemu ya mia ya sekunde, na dirisha la urefu huo haliwezi kutenganisha masafa yaliyokaribiana kuliko 100 Hz. Ramani nzima ya chini ya 100 Hz ilikuwa imebanwa kwenye safu moja. Kuongeza sifuri mwishoni mwa kila kipande hakusaidii; mistari inaonekana laini zaidi lakini vitu viwili vilivyoshikana vinabaki vimeshikana. Kinachosaidia ni dirisha refu zaidi. Kama unatafuta mambo ya masafa ya chini, chuja kwanza, kisha punguza idadi ya sampuli, ndipo ukate vipande.

Sasa, dirisha refu kiasi gani? Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na nadhani ndipo kazi yote ilipo.

Ngoma mbili zilizokaribiana sauti huwezi kuzitofautisha kwa kusikia pigo moja fupi. Unahitaji kuzisikiliza kwa muda hadi usikie zinavyopishana. Dennis Gabor aliliweka hilo kwenye hesabu mwaka 1946: ukibana wakati, masafa yanatanuka, na ukizidisha mitawanyiko yao miwili, jibu halishuki chini ya 1 kugawanya kwa 4π. Hakuna programu itakayokupa vyote viwili. Kwa dirisha la Hann, kanuni ya mkononi ninayotumia ni kwamba vilele viwili vinaachana vizuri vikiwa mbali angalau 2 kugawanya kwa urefu wa dirisha. Ukitaka kutenganisha vitu vilivyopishana kwa 2 Hz, dirisha lisiwe fupi kuliko sekunde 1.

Lakini mota inapopanda mwendo kuna mkono wa pili unaovuta upande mwingine. Ndani ya dirisha hilo la sekunde 1 masafa yenyewe yamehama, na mstari unanenepa kwa kiasi ulichohama. Urefu unaofaa ni ule ambao unene unaoletwa na dirisha unalingana na unene unaoletwa na mwendo: 1 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha kasi ya kuhama. Inveta yetu ilikuwa imewekwa ipande 0 hadi 50 Hz kwa sekunde 10. Mtetemo wenye masafa mara mbili ya yale ya inveta unahama kwa 10 Hz kila sekunde, kwa hiyo dirisha linalofaa ni sekunde 0.32 hivi, na kwa dirisha hilo vitu vinahitaji kupishana kwa zaidi ya 6 Hz ndipo uvione viwili. Nilicheza na madirisha ya kila aina kabla ya kuamua kukaa na kuandika hesabu hii kwenye karatasi. Ilionyesha kwamba nilichokuwa nakitafuta hakikuwemo kwenye rekodi ile, na hakuna hila ya kukitoa.

Dawa ilikuwa kwenye inveta, si kwenye kompyuta. Tulibadilisha muda wa kupanda kutoka sekunde 10 hadi 200. Kasi ya kuhama ikashuka hadi 0.5 Hz kwa sekunde, dirisha linalofaa likawa sekunde 1.4, na uwezo wa kutenganisha ukafika 1.4 Hz. Ramani iliyotoka ilikuwa tofauti kabisa, kana kwamba ni mashine nyingine. Kama una ruhusa ya kugusa muda wa kupanda, fanya hivyo kabla ya kusoma makala yoyote ya mbinu mpya za hesabu. Ila zungumza kwanza na wenye mchakato, na angalia joto la mota: ile yenye feni kwenye shafti yake inapoa vibaya ikizunguka taratibu huku imebeba mzigo uleule.

Jambo la pili lililobadilisha kazi ni kurekodi zaidi ya mtetemo. Kwenye kadi ileile ya kurekodia, kwa saa ileile, tuliweka chaneli tatu: akselerometa (sensa ya mtetemo), pigo moja kwa kila mzunguko wa shafti, na mkondo wa fezi moja kupitia klampu. Pigo linakupa mwendo halisi wa shafti. Mkondo unakupa masafa halisi yanayotoka kwenye inveta, ambayo si lazima yawe yale yanayoandikwa kwenye kioo chake, hasa kama imewekwa ifidie mtelezo, yaani kule rota (sehemu ya mota inayozunguka) kubaki nyuma ya uga wa sumaku. Ramani ya mtetemo peke yake ni picha nzuri ambayo kila mtu chumbani ataisoma anavyotaka. Ukichora juu yake mistari inayotokana na mwendo na mkondo uliopimwa, ubishi unaisha haraka.

Kuhusu usafi wa rekodi nitasema machache, kwa sababu yanajulikana lakini hayafanywi. Sensa ya sumaku iliyobandikwa juu ya rangi nene inapoteza masafa ya juu. Kwa kazi yetu ya chini ya 100 Hz haikudhuru, kwa beringi ingedhuru. Waya wa sensa usilale pamoja na kebo ya mota. Na fanya jaribio hili kila mara: mota ikiwa inazunguka, ondoa sensa kwenye mashine, ishikilie hewani huku waya ukiwa palepale, urekodi. Kila mstari unaobaki kwenye ramani ni umeme unaoingia kwenye waya, si mtetemo. Sisi tulipoteza mistari kadhaa ya kuvutia kwa jaribio hilo, na ilikuwa afadhali.

Kuna mistari mingine iliyonishughulisha sana: ilikuwa inashuka wakati mota inapanda. Hakuna sehemu ya shafti wala giaboksi inayoweza kupunguza mwendo mota ikiongeza. Sababu yake ilikuwa kadi ya kwanza tuliyotumia, isiyokuwa na kichujio kabla ya kuchukua sampuli. Masafa yaliyozidi nusu ya kiwango cha sampuli yanakunjwa na kurudi chini, yakitembea kinyume. Ukiona mstari unaokwenda kinyume na mwendo, shuku kadi kwanza. Badilisha kiwango cha sampuli urekodi tena. Mstari wa kweli unabaki kwenye masafa yake, wa uongo unahama. Isipokuwa ukiwa karibu na masafa ambayo inveta inawasha na kuzima transista zake, kwa kawaida kHz chache. Huko utaona jozi za mistari inayofunguka kama herufi V kadiri masafa ya pato yanavyopanda, mmoja juu, mwingine chini, na huo unaoshuka ni halali kabisa. Ndio muziki wa inveta, na mara nyingi hauna madhara kwa fremu.

Baada ya kusafisha, ramani ya sekunde 200 ilisomeka hivi. Mistari iliyoanzia kwenye sifuri na kutawanyika kama miale ilifuata mwendo: mzunguko wa shafti, mara mbili yake, mara nne yake. Ukanda mmoja ulikuwa umelala bila kuhama, kwenye 37 Hz, ukififia kila mahali isipokuwa pale mwale ulipoukatiza, hapo uliwaka. Ukanda usiohama na mwendo ni wa muundo, si wa mzunguko. Tulizima mashine, tukaigonga fremu kwa nyundo ya majaribio, na fremu ikajibu kwa 37 Hz. Masafa asilia ya fremu yakawa yamejulikana.

Kilichobaki ni kujua nani anaipiga fremu. Mwale uliowasha ukanda ule ulikuwa karibu na mara nne ya shafti, na kama tungekuwa na ramani ya kwanza tungeihukumu kaplingi tena. Kwa dirisha la sekunde 1.4 mwale huo ulikuwa miwili. Mota ya ncha nne ikipewa 18.5 Hz, uga wake wa sumaku unazunguka mara 555 kwa dakika. Rota yetu ikiwa na mzigo ilibaki nyuma kwa mizunguko 30, ikawa 525, yaani 8.75 Hz. Mara nne ya hiyo ni 35 Hz. Mara mbili ya masafa ya umeme ni 37 Hz. Mmoja ni wa kimakanika, unatoka kwenye kitu kinachozunguka na shafti. Wa pili ni mvuto wa sumaku kati ya stata (sehemu isiyozunguka) na rota, ambao hupiga mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Wamepishana kwa 2 Hz tu, na wanapishana hivyo kwa sababu ya mtelezo. Mwale wenye nguvu ulikuwa ule wa umeme.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu waendeshaji. Mmoja wao alikuwa ameshatuambia zamani kwamba konveya ikiachwa kwenye mwendo wa taratibu wa usafi, mtikisiko "unapumua", unakuja na kwenda. Tuliandika maneno hayo kisha tukayapita. Mitetemo miwili iliyopishana kwa 2 Hz hupanda na kushuka mara mbili kwa sekunde, na mtu anayesimama kando ya mashine kila siku anaihisi kwa nyayo. Sasa nikifika kwenye mtambo, naanza kwa kuuliza mtetemo unasikikaje, na ninaandika maneno kama yalivyosemwa.

Ukishajua pa kusimama, simama. Baada ya ramani kutuonyesha 18.5 Hz tuliishikilia inveta hapohapo, tukarekodi kwa muda mrefu, na mgeuzo wa kawaida wa Fourier ukaonyesha vilele viwili vilivyoachana wazi, 35 na 37. Ramani haikuwa na kazi tena kwenye hatua hiyo. Kuna watu wanaona aibu kurudi kwenye mbinu ya kawaida baada ya kujifunza iliyo ngumu, hakuna sababu.

Kisha tukafanya jaribio la kukata umeme, ambalo kwangu ndilo la thamani kuliko yote kwenye mashine za umeme. Weka inveta iachie mota, isiishushe kwa ngazi, la sivyo bado inaendelea kuisukuma. Hakikisha konveya yenye mwinuko ina breki ya kuzuia kurudi nyuma. Shikilia mwendo wenye tatizo, rekodi, kata. Mtetemo unaotokana na sumaku unaanguka mara umeme unapokatika, ukiacha mlio wa fremu unaofifia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mtetemo wa kimakanika unaendelea na kushuka pamoja na mwendo. Lakini angalia dirisha lako: kwa lile la sekunde 1.4 kukata kule kulionekana kama kufifia taratibu, kwa sababu kila kipande kilichopita juu ya tukio kilichanganya kabla na baada. Nilibadilisha dirisha likawa sehemu ya kumi ya sekunde. Masafa yakawa manene, wala sikuyahitaji, nilihitaji wakati. Ukanda wa 37 Hz ulikatika wima kama ukuta. Rekodi moja, madirisha mawili, maswali mawili tofauti. Yeyote anayekuonyesha ramani moja tu, muulize dirisha lake ni la urefu gani na alikuwa anauliza nini.

Nilijaribu mbinu nyingine pia, kwa kuwa kila makala inasifu yake. Mtawanyo wa Wigner na Ville unatoa mistari myembamba kuliko spektrogramu yoyote, na nilifurahi hadi nilipoona mstari wa tatu kwenye 36 Hz, katikati kabisa ya ile miwili. Haupo kwenye mashine. Hesabu yake inazidisha ishara kwa yenyewe, na kila vitu viwili huzaa kivuli katikati yao. Ukiwa na miale kumi, vivuli vinakuzidi. Vijiwimbi (wavelets), ambavyo Morlet na Grossmann waliviweka kwenye msingi wa hesabu miaka ya 1980, vinatumia madirisha mafupi kwenye masafa ya juu na marefu kwenye ya chini. Hilo linafaa sana kwa beringi iliyochubuka, ambayo hugonga kwa ghafla na kulia kwa masafa ya juu. Kwa miale miwili iliyoshikana mwendo mzima, kadiri inavyopanda ndivyo vijiwimbi vinavyozidi kuichanganya. Kuvunja ishara kwa njia ya Huang, ya mwaka 1998, kuliniletea 35 na 37 Hz kwenye fungu moja, na hilo ni udhaifu wake unaojulikana. Zipo pia mbinu zinazokusanya nguvu na kuipanga upya ili mistari iwe kama uzi. Ni nzuri kwa macho na kwa kufuatilia mstari ulio peke yake, lakini vitu ambavyo dirisha halikuvitenganisha, uzi huo unapita katikati yao kwa ujasiri mkubwa.

Iliyonisaidia kweli, baada ya dirisha, ni kuhama kutoka kwenye wakati kwenda kwenye pembe. Ukiwa na pigo la shafti unaweza kuchukua sampuli upya, idadi ileile kwa kila mzunguko, na ramani ikawa ya oda, yaani mara ngapi kwa kila mzunguko wa shafti, badala ya Hz. Kila kilichofungwa na shafti kinalala sawasawa: mara nne ya shafti inakaa kwenye 4.00 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mvuto wa sumaku haukulala. Kwa mtelezo wetu ulikuwa kwenye 4.23 mota ikiwa kwenye 18.5 Hz, ukajikunja taratibu hadi 4.08 kwenye 50 Hz. Mkunjo huo hauwezi kutoka kwenye kaplingi, hata iwe na meno mangapi. Nilipouchapa na kuuweka mezani, mjadala wa kaplingi uliisha.

Chanzo kilikuwa mguu mmoja wa mota. Mashine ikiwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli, tulilegeza bolti moja baada ya nyingine huku saa ya kupimia ikiwa juu ya mguu. Mguu ulioinuka zaidi ya 0.05 mm tulihesabu haukukaa sawasawa, na mmoja uliinuka mbali zaidi ya hapo. Bolti ilikuwa inaupinda mwili wa mota kila ilipokazwa, nafasi ya hewa kati ya stata na rota ikawa si sawa pande zote, na sumaku ikavuta upande mmoja kuliko mwingine. Kwenye mwendo wa kazi mvuto huo ulikuwa kwenye 100 Hz, mbali juu ya masafa asilia ya fremu, ndiyo maana kipimo kilisoma vizuri. Tuliweka vibati vya unene unaofaa chini ya mguu na kukaza upya.

Kulikuwa na pendekezo la kuishonea fremu vyuma vya kuiimarisha. Nilipinga, na bado nadhani nilikuwa na haki. Mara mbili ya masafa ya inveta inapita kila mahali kati ya 0 na 100 Hz. Ukiipandisha fremu kutoka 37 hadi 60 Hz, mtikisiko unahamia pale inveta inapofika 30 Hz. Ni kuhamisha mahali pa kukutana. Kwanza punguza nguvu inayopiga. Kisha mwambie inveta iruke masafa ya kuzunguka 18.5 Hz, ukikumbuka kwamba kuruka huko kunazuia tu kukaa mahali hapo, bali mota bado inapapita kila inapopanda.

Vipimo vya baada ya matengenezo tulivifanya kwa kupanda kwa sekunde 200 zilezile, sensa mahali palepale, dirisha lilelile, na mipaka ya rangi ileile. Hilo la rangi ni la lazima. Programu ikiachwa ijichagulie rangi, mtetemo mdogo unapakwa rangi kali sawa na ule mkubwa wa zamani, na meneja atakuuliza umetengeneza nini. Ukanda wa 37 Hz ulikuwa umebaki hafifu, kama fremu yoyote inavyokuwa na sauti yake. Mwale wa sumaku ulipoukatiza haukuwaka tena.

Zile beringi za awali, zilizotolewa mwanzoni, zilikuwa bado kwenye ndoo. Tulizikata. Kwa mota za inveta ni vizuri kufanya hivyo kila mara, kwa sababu mkondo unaopita kwenye beringi huacha mistari ya mifereji kwenye njia ya gololi, na ukiiona unajua unahitaji njia ya ardhi kwa shafti au beringi yenye kihami. Njia ya gololi zetu ilikuwa inang'aa, haina mfereji. Zilitolewa zikiwa nzima.

Rekodi ghafi za mtambo ule tumezihifadhi, si picha za ramani peke yake, kwa kuwa picha haikubali kuulizwa kwa dirisha jingine. Kila faili limeandikiwa kiwango cha sampuli, mahali pa sensa na namna ilivyoshikiliwa, muda wa kupanda, masafa ya swichi ya inveta, hali ya mzigo, na kama ufidiaji wa mtelezo ulikuwa umewashwa. Mota nyingine za mtambo huo, ambazo hazina tatizo lolote, nazo tulizirekodi kwa utaratibu uleule.